Fundi Anapoingia Darasani: Wasanii wa Jirani na Somo la Sanaa Shuleni

Mtaala wa elimu ya msingi wa Tanzania ulioanza kutumika kwa awamu Januari 2024 umeipa sanaa nafasi ya wazi katika ratiba ya shule, kwa kuwa watoto wa darasa la kwanza na la pili husoma Utamaduni, Sanaa na Michezo, na wale wa darasa la tatu na kuendelea husoma Sanaa na Michezo kama somo linalojitegemea. Hatua hiyo ni kubwa, lakini imeacha swali ambalo muhtasari wa somo hauwezi kulijibu peke yake, nalo ni nani atakayesimama mbele ya watoto na kuwafundisha kupiga ngoma, kufinyanga, kuchora, kusuka ukili au kuigiza, ilhali walimu wengi walio kazini walisoma na kuajiriwa wakati masomo hayo yamesukumwa pembeni. Njia moja ya kulijibu swali hilo, ambayo Tanzania ina historia nayo ndefu kuliko inavyokumbukwa, ni kumwingiza shuleni msanii anayeishi karibu na shule, akiwa mwalimu wa fani yake, na kumpa nafasi ya kufanya kazi bega kwa bega na mwalimu wa darasa.

Chanzo cha upungufu wa walimu wa sanaa hakiko mbali. Mtaala uliotangulia ulikuwa na Haiba na Michezo pamoja na Stadi za Kazi, masomo ambayo ndani yake zilikuwamo nyimbo, ngoma, uchoraji na kazi za mikono, lakini hayakuwamo katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, na kila anayejua maisha ya shule anaelewa matokeo yake: mwalimu wa darasa la saba, ambaye kazi yake hupimwa kwa idadi ya watoto waliofaulu, alikichukua kipindi cha kuimba akakifanya cha Hisabati, na mwalimu mkuu hakumlaumu. Vyuo vya ualimu navyo vilifuata mkondo huo isipokuwa vichache, kama Chuo cha Ualimu Butimba cha Mwanza, ambacho kwa miaka mingi kimejulikana kwa kuandaa walimu wa muziki, sanaa za ufundi na michezo. Vyuo vichache vya namna hiyo haviwezi kutosheleza shule za nchi nzima, na hata vikiongezwa leo, miaka mingi itapita kabla wahitimu wake hawajafika katika kila kata.

Wakati huohuo ujuzi unaotafutwa umekaa mita chache nje ya uzio wa shule. Katika vijiji vya Wakisi kandokando ya Ziwa Nyasa wapo wanawake wanaofinyanga vyungu vinavyouzwa katika gulio la Matema. Katika vijiji vya pwani na visiwani wapo wasukaji wa mikeka. Na mijini wapo wachoraji wa Tingatinga, mtindo ulioanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyechora kwa rangi za mafuta juu ya vipande vya hardibodi, na ambao umeendelea kwa zaidi ya nusu karne baada ya kifo chake cha 1972 kwa sababu kila mchoraji alimfundisha mwingine. Watu hao ni mafundi na ni walimu pia, ingawa hawajaitwa hivyo, kwa kuwa hakuna hata mmoja wao aliyeupata ujuzi wake bila kukaa miguuni pa mtu aliyemtangulia.

Dhana ya msanii mwalimu inahitaji kufafanuliwa, kwa sababu ni rahisi kuichanganya na mambo mawili yanayofanana nayo. Msanii mwalimu ni mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni sanaa, na ambaye kwa mpango maalumu huingia darasani kufundisha fani hiyo kwa kushirikiana na mwalimu aliyeajiriwa. Kwa hiyo yeye si mwalimu wa sanaa wa kawaida, ambaye amesomea ualimu na kuajiriwa na serikali, wala si mtumbuizaji anayealikwa siku ya mahafali ili wageni wafurahi, akapewa soda na nauli, kisha akasahauliwa hadi mwaka unaofuata. Tofauti yake na mtumbuizaji iko katika muda na dhamira: mtumbuizaji huonesha anachokijua, naye msanii mwalimu hurudi wiki baada ya wiki mpaka mtoto aweze kukifanya kitu hicho kwa mikono yake mwenyewe.

Mpango wa namna hiyo ulipata jina na umbo rasmi nchini Marekani katika miaka ya 1970. Jiji la New York lilipokumbwa na ukata mkubwa wa fedha mwaka 1975 liliwaachisha kazi maelfu ya walimu, wakiwamo wengi wa muziki na uchoraji, na taasisi za sanaa za jiji hilo, ikiwamo ile iliyoanzishwa mwaka huohuo chini ya kituo cha Lincoln Center, zikaanza kupeleka wanamuziki, wachezaji dansi na waigizaji mashuleni. Mwanafalsafa Maxine Greene, aliyefanya kazi na taasisi hiyo kwa miaka mingi, aliutetea mpango huo kwa hoja kwamba kazi ya sanaa humzoesha mtu kuona kile alichozoea kukipita bila kukitazama. Hata hivyo ipo kasoro ya tangu mwanzo ambayo Waafrika wanapaswa kuiangalia, nayo ni kwamba msanii aliitwa kuziba pengo la mwalimu aliyefukuzwa, na pale ambapo msanii wa muda anageuzwa kuwa mbadala wa bei nafuu, serikali hupata kisingizio cha kutomwajiri mwalimu wa kudumu. Tanzania haina sababu ya kuliiga kosa hilo.

Historia ya Tanzania yenyewe ina mafunzo yaliyo karibu zaidi. Mwalimu Julius Nyerere, katika hotuba yake kwa Bunge mwezi Desemba 1962 baada ya kuapishwa kuwa Rais, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akisikitika kwamba waliopitia shule walijua kucheza dansi za kigeni ilhali ngoma za babu zao hawakuzijua. Kundi la ngoma la taifa liliundwa muda mfupi baadaye, na mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, maarufu kwa jina la TaSUBa. Jambo la kuzingatia katika historia ya chuo hicho ni aina ya watu waliofundisha pale mwanzoni. Hukwe Zawose, Mgogo kutoka Dodoma aliyefariki mwaka 2003, alikuwa bingwa wa marimba ya mkono na zeze ambaye ujuzi wake haukutoka katika chuo chochote, lakini aliwafundisha vijana waliotoka pande mbalimbali za nchi, na muziki wake ulisikika katika majukwaa ya Ulaya na kwingineko. Serikali ilikubali wakati ule kwamba fundi aliyelelewa na jamii yake anaweza kuitwa mwalimu katika taasisi ya umma. Kukubali huko hakukufika katika shule za msingi, na hapo ndipo kazi iliyobaki ilipo.

Muziki wa Wagogo unafaa kutazamwa kwa undani, kwa sababu unaonesha waziwazi kile ambacho shule haiwezi kukipata bila fundi mwenyewe. Mwalimu wa kawaida anayejua muziki, mara nyingi kupitia kwaya ya kanisa, hutumia solfa, yaani mfumo wa kuandika sauti kwa majina ya do, re, mi, fa, so, la na ti, ulioletwa na wamisionari na ambao umezihudumia kwaya nyingi vizuri. Wagogo hawakuupanga muziki wao kwa ngazi hiyo. Sauti zao zimejengwa juu ya vilele, yaani zile sauti ndogo za juu zinazojitokeza zenyewe ndani ya sauti moja nene, kama zinavyosikika mtu anapougusa polepole uzi uliokazwa, na mojawapo ya sauti hizo huangukia mahali kati ya la na ti ambapo majina hayo saba hayafiki. Mwalimu akiuandika wimbo wa Kigogo kwa solfa ataisogeza sauti hiyo juu au chini ili itoshe, na watoto watajifunza wimbo ambao bibi zao hawatautambua. Aidha waimbaji wa Kigogo huimba sauti kadhaa kwa pamoja, kila kundi likishika njia yake, na wanawake hupiga ngoma za muheme walizozibana kwa miguu huku wakiimba na kucheza, kiasi kwamba mwili, mkono na koo hujifunza kwa wakati mmoja. Hakuna kitabu cha kiada kitakachomweleza mtoto namna ya kuibana ngoma ile bila kupoteza mapigo. Anayeweza kumweleza ni mama wa Chamwino aliyeanza kuipiga akiwa na umri wa mtoto huyo, na tamasha la muziki wa Wagogo linalofanyika huko Chamwino linathibitisha kwamba akina mama hao bado wapo.

Funzo la pili, lenye uzito sawa na la kwanza, linatoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, waandishi wa tamthilia na walimu wa sanaa za maonesho, walianzisha mwaka 1996 mradi wa Tuseme katika shule za sekondari. Tuseme ilitumia sanaa za maonesho kama njia ya kuwafanya wasichana wayataje wenyewe mambo yanayowazuia kusoma, kama vile mimba, kunyanyaswa na ukimya waliofundishwa kuuona kuwa ndiyo heshima. Wanafunzi walianza kwa kuyatambua matatizo yao, wakayachambua hadi chanzo chake, wakayatungia maigizo, nyimbo na ngonjera, wakayaonesha mbele ya walimu na wenzao, kisha hadhira yote ikajadili nini kifanyike. Sanaa katika utaratibu huo ilikuwa njia ya kufikiri, na igizo lililokamilika lilikuwa na thamani kwa sababu ya mazungumzo lililoyafungua. Jambo la kupendeza zaidi ni kwamba wataalamu kutoka chuoni hawakubaki kuwa wenye mradi, kwani walimu wa shule walifundishwa kuziendesha klabu za Tuseme wenyewe, na baadaye Jukwaa la Wanawake Waelimishaji wa Afrika, FAWE, liliubeba mpango huo hadi nchi nyingine za bara hili. Mpango wowote wa wasanii walimu unaostahili kuungwa mkono unapaswa kupimwa kwa kipimo hicho: msanii anapoondoka, mwalimu wa darasa anabaki na nini?

Kipimo hicho ndicho kinachoonesha udhaifu wa utaratibu unaotumika sasa katika shule nyingi za Afrika Mashariki. Mashindano ya UMITASHUMTA ya shule za msingi nchini Tanzania, pamoja na michezo ya riadha na mpira, huwa na kwaya na ngoma. Na nchini Kenya tamasha la kitaifa la muziki, ambalo mwanzo wake ni 1927, limezifanya shule kuwatafuta wazee wa jamii ili wawafundishe watoto nyimbo na ngoma za asili. Matamasha hayo yamehifadhi mengi ambayo yangepotea, na ni haki kuyashukuru. Lakini mzee anayeitwa kwa ajili ya shindano hufundisha watoto ishirini au thelathini waliochaguliwa kwa sababu tayari wanaweza, kwa wiki chache kabla ya mashindano, huku mamia ya wenzao wakisikiliza dirishani, na akimaliza hakuna kinachoandikwa popote.

Utaratibu ulio bora huanza miezi kadhaa kabla ya kipindi cha kwanza. Mwalimu na msanii hukaa pamoja na muhtasari wa somo mbele yao, wakaangalia ni umahiri gani mtoto anatakiwa kuupata, kisha msanii akasema ni kazi gani ya mikono itakayomfikisha huko na itachukua muda gani. Mwalimu naye huyageuza maneno hayo kuwa azimio la kazi, yaani mpango wa masomo wa muhula mzima, na andalio la kila kipindi. Kipindi cha dakika 40 ni kifupi mno kwa kazi ya udongo au rangi, na shule inayolichukulia jambo hili kwa uzito huviunganisha vipindi viwili. Idadi ya watoto nayo lazima iamue fani itakayofundishwa, na hapa viongozi wa elimu hukosea mara nyingi kwa kufikiri kwanza juu ya fani inayopendeza macho: darasa la watoto themanini linaweza kuimba na kucheza kwa pamoja, kwa sababu ngoma ilibuniwa kwa ajili ya watu wengi, ila darasa hilohilo likipewa brashi nne na makopo mawili ya rangi, zaidi ya watoto sabini watakaa bure.

Kazi ya udongo ina utajiri ambao ratiba ya kawaida huukosa. Mfinyanzi huwaonesha watoto udongo unaofaa na usiofaa, huwafundisha kuukanda hadi hewa itoke, kuujenga ukuta wa chungu kwa mkono bila gurudumu, kukianika kivulini kwa siku kadhaa, na hatimaye kukichoma kwa nyasi na kuni. Chungu kilichoharakishwa hupasuka motoni kwa sababu maji yaliyobaki ndani yake hugeuka mvuke na kutafuta njia ya kutoka, na mtoto aliyeona chungu chake kikipasuka ameelewa jambo kuhusu joto na mvuke ambalo mchoro wa kitabuni ungemchosha tu kulieleza. Msukaji wa ukili naye anapohesabu miyaa, akaipanga ya rangi na isiyo na rangi ili nakshi ijirudie sawasawa mpaka mwisho wa mkeka, anafanya hisabati ya mpangilio na ulinganifu. Mwanahisabati Paulus Gerdes wa Msumbiji alitumia miaka mingi ya maisha yake kuyachunguza mambo hayo katika ususi wa Kiafrika. Hata hivyo si sahihi kuitetea sanaa kwa faida inazozipa Sayansi na Hisabati peke yake, kwa maana somo linalothaminiwa kwa sababu ya masomo mengine huondolewa mara tu itakapopatikana njia rahisi zaidi ya kuyafundisha hayo mengine. Mtoto anastahili kujua kutengeneza kitu kizuri hata kama hakitamwongezea alama moja.

Lipo jambo jingine linalohitaji busara, nalo ni mipaka ya kile kinachoweza kuingia shuleni. Baadhi ya ngoma ni za unyago na jando, mafunzo ya kuwaingiza vijana katika utu uzima, na maneno yake hutolewa na makungwi kwa watu maalumu, mahali maalumu na kwa umri maalumu. Vinyago vya mapiko vya Wamakonde navyo vina siri na miiko yake. Sindimba ya Wamakonde ilipopelekwa katika majukwaa ya taifa, watazamaji wengi walikuja kuijua kama mchezo wa kutikisa kiuno, na hiyo ni hasara iliyotokana na kukichukua kitendo na kuiacha maana yake. Msanii wa jirani, tofauti na kikundi cha kukodiwa kutoka mjini, anaijua miiko hiyo na anawajibika kwa wazee wake, kwa hiyo anaweza kuiambia shule ni kipi kifundishwe, kipi kibadilishwe kwa ajili ya watoto, na kipi kiachwe nje kabisa.

Msanii naye anahitaji kuandaliwa. Ustadi wa kupiga kanuni au udi haumpi mtu ustadi wa kukituliza chumba cha watoto wa miaka tisa, na wazee wa taarabu waliofundisha katika Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanza kufundisha Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2002, walilazimika kuligawa katika hatua somo ambalo wao wenyewe walilipata kwa kusikiliza tu. Mafunzo mafupi ya wakati wa likizo, yakisimamiwa na TaSUBa au chuo cha ualimu kilicho karibu, yangetosha kumpa msanii mambo ya msingi: namna ya kuligawa somo, kumsaidia mtoto aliyebaki nyuma, kumshirikisha mwenye ulemavu, na kutotumia kejeli wala kiboko, ambavyo katika uanagenzi wa zamani havikuwa haba. Usalama wa watoto unadai zaidi ya hapo, kwamba msanii athibitishwe na serikali ya kijiji au mtaa, na kwamba mwalimu wa darasa awepo chumbani wakati wote. Uwepo huo una faida ya pili, kwa kuwa mwalimu anayekaa akisahihisha madaftari huku msanii akifundisha hajifunzi lolote, ilhali yule anayekanda udongo pamoja na watoto wake ataweza kuuendeleza ufinyanzi mwaka unaofuata.

Suala la malipo ndilo linaloikwamisha mipango mingi, na kulizungumza kwa aibu hakusaidii. Tangu sera ya elimu bila malipo ianze kutekelezwa mwaka 2016, shule haiwezi kuwatoza wazazi fedha za lazima kwa ajili ya msanii, na ruzuku ya uendeshaji haikupangwa kwa kazi hiyo. Kumwomba msanii ajitolee kwa mapenzi ya utamaduni ni kumdhulumu, kwa sababu siku anayokaa darasani ni siku ambayo hakuuza chungu wala mkeka. England iliwahi kuwa na mpango mkubwa wa kupeleka wasanii mashuleni, uliofadhiliwa na serikali kuanzia 2002, lakini fedha zake zilikatwa na ukafikia mwisho 2011, jambo linaloonesha kwamba hata nchi tajiri huusimamisha mpango ambao haukuingizwa katika bajeti ya kawaida ya elimu. Njia inayoelekea kudumu kwa Tanzania ni halmashauri kutenga fungu dogo la posho za wasanii katika bajeti yake ya elimu ya msingi, likisimamiwa kwa pamoja na afisa elimu na afisa utamaduni, ambaye tayari yupo katika halmashauri na ambaye anaweza kuandaa orodha ya mafundi wa kila kata, fani zao na vijiji vyao. Kamati ya shule inaweza kuchangia udongo, ukindu, kuni na ngozi ya ngoma, vitu ambavyo kijiji kinavyo. Mwaka wa kwanza shule tatu au nne za kata moja zinaweza kugawana fundi mmoja, akifundisha kila shule kwa siku yake, na muhula ukiisha, mwalimu wa kila shule aandike alichokiona na alichoweza kukifanya yeye mwenyewe, ili halmashauri ipange mwaka wa pili ikiwa na ushahidi mkononi.